Lango la bwawa limeharibika: mwongozo kamili wa kuwalinda walio chini ya mto

Usiku wa tarehe 10 Agosti 2024, mnyororo wa lango namba 19 la bwawa la Tungabhadra, katika jimbo la Karnataka kusini mwa India, ulikatika na lango zima likasombwa na maji. Bwawa lilikuwa limejaa pomoni katikati ya msimu wa mvua. Walioliendesha walifungua karibu malango mengine yote kupunguza shinikizo, wakawatahadharisha watu wa kando ya mto, na wiki moja baadaye pengo lilikuwa limezibwa huku bwawa likiwa bado na takriban theluthi mbili za maji yake.

Miaka 29 kabla ya hapo, asubuhi ya tarehe 17 Julai 1995, lango namba 3 la bwawa la Folsom huko California lilivunjika wakati linafunguliwa. Maji kiasi cha meta za ujazo 1,100 na zaidi kwa sekunde yalimiminika kwenye mto ambao watu walikuwa wakiogelea na kuvua samaki. Karibu asilimia 40 ya maji ya bwawa ilipotea. Hakuna aliyekufa.

Matukio haya mawili yanafundisha jambo moja ambalo nalishikilia katika mwongozo huu wote: lango likishaharibika, haraka ya kulirudisha mahali pake ni ya pili. Ya kwanza ni kuhakikisha kwamba maji yanayoteremka hayazidi uwezo wa mto, na kwamba kila aliye chini anajua saa na kimo kabla maji hayajamfikia. Ninawaandikia wasimamizi wa mabwawa, maafisa wa mabonde ya mito, na zaidi wenyeviti wa vijiji, machifu na kamati za maafa, kwa sababu wao ndio wanaobaki na watu pale simu za ofisini zinapokatika.

Tambua ni uharibifu wa aina gani

Kuna aina tatu, na kila moja ina hatari yake.

Lango lililong'oka au lisilofungika humwaga maji bila breki. Hii inatisha kwa macho, lakini ina upande mmoja mzuri: bwawa linajipunguza lenyewe. Tungabhadra na Folsom ziko katika kundi hili.

Lango lisilofunguka ni la hatari zaidi kuliko linavyoonekana. Hakuna kelele wala povu, mto chini umetulia, na bwawa linapanda. Mwezi Agosti 2023 bwawa la Braskereidfoss nchini Norway lilipata maji ya dhoruba iliyopewa jina Hans, malango hayakufunguka ilivyotakiwa, maji yakapita juu ya ukuta na sehemu ya bwawa ikabomoka. Ukuta wa udongo haustahimili maji kupita juu yake. Ukiona lango halifunguki na mvua zinaendelea, usingoje maji yafike ukingoni ndipo uwahamishe watu.

Aina ya tatu ni lango lililopinda au kukwama katikati. Hili usiliamini kabisa. Linaweza kukaa hivyo wiki nzima au likang'oka dakika kumi zijazo, kwa hiyo walio chini waandaliwe kana kwamba tayari limeng'oka.

Nusu saa ya kwanza

Zima mota ya kunyanyulia lango. Kule Folsom mwendeshaji alihisi mtikisiko usio wa kawaida akasimamisha mota. Lango lilivunjika hivyohivyo, ila yeye alifanya lililo sahihi. Kosa linalovutia sana saa hiyo ni kujaribu "mara moja tu" kulishusha lango lililopinda. Chuma kilichopinda kikisukumwa dhidi ya maji hukatika, na kipande chake kinaweza kuharibu nguzo ya zege au lango la jirani.

Ondoa watu wote juu ya daraja la malango upande ulioharibika, na weka mtu mmoja wa kutazama kutoka mahali salama. Aandike: saa, kimo cha maji bwawani, mtikisiko, nyufa kwenye nguzo, rangi ya maji chini ya bwawa. Maji yakiwa na tope jeusi au mawe ilhali yanayoingia bwawani ni masafi, msingi unachimbwa, na hiyo ni dharura nyingine kabisa.

Kisha piga simu, na mpangilio wa simu una maana. Wa kwanza ni bwawa linalofuata chini, kama lipo. Wa pili ni vijiji na miji ya karibu. Wakubwa wa makao makuu wanafuata. Najua taratibu za ofisi nyingi zimeandikwa kinyume chake, kwamba taarifa ipande ngazi hadi juu ndipo ishuke tena kwa wananchi. Kijiji kilicho kilometa nane chini ya bwawa hakina muda huo. Kama wewe ni meneja wa bwawa, omba leo kibali cha maandishi kinachokuruhusu kutoa tahadhari ya kwanza moja kwa moja, ili siku ikifika usiulize.

Kokotoa maji yanayotoka

Hapa ndipo wengi huruka, wakaishia kutangaza "maji mengi yanakuja". Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua upana wa pengo kwa meta. Chukua kimo cha maji juu ya kizingiti cha lango, kipandishe kwenye kipeo cha moja na nusu, yaani kimo mara kipeuo cha pili cha kimo. Zidisha vyote kwa 2.1. Jibu ni meta za ujazo kwa sekunde, kwa makadirio yanayotosha kufanyia uamuzi.

Mfano: pengo la meta 12 na maji ya meta 6 juu ya kizingiti. Sita mara kipeuo chake ni 14.7, mara 12, mara 2.1, unapata karibu meta za ujazo 370 kwa sekunde. Maji yakishuka hadi meta 3, hesabu ileile inatoa 130 hivi. Kimo kimepungua nusu lakini maji yamepungua kwa karibu theluthi mbili. Ndiyo maana kushusha bwawa ni silaha kubwa kuliko kreni yoyote: kila meta unayoiondoa inaondoa nguvu nyingi kuliko meta yenyewe.

Namba ya pili unayoihitaji ni uwezo wa mto chini, yaani kiasi cha maji kinachopita bila kufurika kingo. Hii usiitafute siku ya ajali. Maafisa wa bonde wanayo kwenye kumbukumbu za vituo vya kupimia, na wazee wa kando ya mto wanayo kichwani: mwaka ule maji yalipofika kwenye mwembe, bwawa lilikuwa limefungua kiasi gani? Unganisha kumbukumbu hizo mbili. Namba ya tatu ni maji yanayoingia bwawani sasa, pamoja na utabiri wa mvua wa siku tatu hadi tano.

Shusha bwawa kwa mpango

Tuendelee na mfano uleule. Pengo linatoa 370, mito inaingiza 200, na mto chini unaweza kubeba 700. Eneo la bwawa ni kilometa za mraba 40. Ukiliacha pengo peke yake lifanye kazi, bwawa linashuka kwa sentimeta moja na nusu kwa saa mwanzoni, kisha polepole zaidi, na likifika meta 4 juu ya kizingiti linagota hapo, kwa kuwa kinachotoka kimelingana na kinachoingia. Utasubiri hadi mvua zikatike. Na mvua nyingine ikinyesha, bwawa linapanda tena huku lango likiwa wazi.

Sasa fungua malango mazima yatoe 330, jumla iwe 700. Bwawa linashuka sentimeta 4.5 kwa saa, zaidi kidogo ya meta moja kwa siku, na baada ya siku tatu kasoro umefika meta 3. Kadiri pengo linavyopungua nguvu, unaongeza malango mazima ili jumla ibaki ileile. Mtu wa chini anaona mto uliojaa lakini uliotulia, usiopanda na kushuka ovyo, na anaweza kupanga maisha yake.

Watu watakuuliza, na wana haki: unafungua malango mazima wakati maji tayari yanamwagika? Waonyeshe hesabu. Unachagua siku tatu za mto uliojaa hadi ukingoni badala ya wiki tatu za kubahatisha.

Mambo matatu yanawekea mpango huu mipaka. La kwanza ni mwendo wa kushusha. Ukuta wa udongo uliolowa huegemezwa na maji yaliyo mbele yake; ukiyaondoa upesi mno, upande wa ndani wa ukuta unaporomoka. Mhandisi wa bwawa atoe kiwango cha juu kwa siku, na kisivukwe bila idhini yake. La pili ni ulinganifu. Lango moja likitoa maji upande mmoja, chini ya bwawa hutokea mzunguko mkubwa unaobeba mawe na kusaga zege. Fungua malango ya pande zote mbili kwa uwiano kadiri inavyowezekana, huku ukizitazama nguzo zinazopakana na pengo. La tatu ni ngazi za kuongeza: usitoke 370 hadi 700 kwa mkupuo. Panda kwa hatua, kwa mfano 50 au 60 kila saa, na kila hatua itangazwe kabla.

Kuna gharama, na ifichwe isifichwe italipwa. Maji unayoyamwaga ni umeme wa miezi ijayo, ni mpunga wa msimu, ni maji ya bomba ya mji. Kule Tungabhadra wakulima wa majimbo matatu, Karnataka, Andhra Pradesh na Telangana, walikuwa wakiyasubiri hayohayo. Mpango wa mwanzo ulikuwa kupunguza sehemu kubwa ya bwawa ndipo matengenezo yaanze. Kisha mtaalamu wa malango aliyekwishastaafu, Kannaiah Naidu, akaongoza kazi ya kuziba pengo maji yakiwa yanapita, na akiba kubwa ikaokolewa. Nasisitiza mpangilio wao: malango ya pembeni yalifunguliwa kwanza na mto ukadhibitiwa, ndipo hesabu ya kuokoa maji ikafuata. Ukiigeuza, unawaweka rehani watu wa chini kwa ajili ya maji.

Maji yatafika saa ngapi, na wapi

Gawanya mto vipande kwa alama zinazojulikana: daraja, kivuko, kisima cha mashine, shule. Kwa kila kipande andika umbali kutoka bwawani na saa ambazo maji hutumia. Njia nzuri kuliko zote ni kumbukumbu: mara ya mwisho bwawa lilipofungua malango, kituo cha juu kilianza kupanda saa ngapi na cha chini saa ngapi? Kama hamna kumbukumbu, pima kwa kijiti: tupa kipande cha mti mtoni, hesabu sekunde kwa meta 100, upate mwendo wa maji. Lakini ongezeko la maji hutembea haraka kuliko kijiti, mara moja na nusu au zaidi. Kwa tahadhari chukua saa fupi, kamwe usichukue ndefu.

Penye mabwawa yaliyopangana hesabu inabadilika. Kwenye Mto Tana yapo matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ndilo kubwa, yaliyo chini yake ni madogo kiasi na hayana nafasi ya kumeza mafuriko marefu. Lango likiharibika juu, la chini linatakiwa lianze kujipunguza mapema, kabla maji hayajafika, ili litoe kwa utulivu kile kitakachoingia kwa kishindo. Folsom ilikuwa na bwawa dogo la Nimbus kilometa chache chini yake, na walioliendesha walilazimika kuyapitisha maji yote kwa kuwa halikuwa na pa kuyaweka. Kwa hiyo meneja wa bwawa la juu na wa bwawa la chini wawe na ratiba moja. Ratiba mbili zilizotungwa vizuri kila moja kivyake zinaweza kukutana na kuzidisha mafuriko.

Usisahau vijito vinavyoingia chini ya bwawa. Mwezi Aprili 2024 watu wa Rufiji na Kibiti walipofurikiwa, bwawa la Julius Nyerere lilikuwa likitoa maji na mvua kubwa zilikuwa zikinyesha bondeni. Aliye shambani hatofautishi maji ya bwawa na maji ya mvua, na mpango wako usiyatofautishe pia. Ile 700 ya mfano wetu ni jumla ya yote. Kijito kikileta 150, malango yako yapungue kwa kiasi hicho.

Tangazo linaloeleweka

Tangazo zuri linajibu maswali matano: kumetokea nini, maji yatafika wapi kwa alama ninayoijua, saa ngapi, nifanye nini, na nitasikia tena lini. Hili hapa mnaweza kulibadilisha mkalitumia:

"TANGAZO KUTOKA BWAWANI. Leo Jumanne, saa 4:30 asubuhi. Lango namba 3 limeharibika na halifungiki. Ukuta wa bwawa ni mzima. Mto utaanza kupanda hapa kijijini kuanzia saa 9 alasiri leo (15:00). Ifikapo saa 3 usiku (21:00) maji yatafika alama nyekundu kwenye nguzo ya daraja, na mashamba yote chini ya barabara ya zamani yataingiwa na maji. Ondoeni watu, mifugo na mashine za maji kabla ya saa 8 mchana. Nendeni shule ya msingi iliyo kilimani. Msivuke mto kwa mtumbwi wala kwa miguu. Tangazo linalofuata ni saa 6 mchana, hata kama hakuna jipya."

Saa zimeandikwa kwa namna mbili kwa makusudi. Chumba cha kuendeshea bwawa huandika 15:00, mtu wa kijijini husema saa tisa, na katikati yao kuna karani anayetafsiri harakaharaka. Nimeona "saa 3" ikisomwa na mmoja kama asubuhi na mwingine kama alasiri. Kwenye mafuriko tofauti hiyo ni ya saa sita.

Sentensi kuhusu ukuta wa bwawa nayo haipaswi kukosekana, mradi ni kweli. Uvumi kwamba "bwawa limepasuka" huenda mbio kuliko maji, na husababisha watu kukanyagana au kukimbilia upande usio sahihi. Kama ukuta una mashaka, sema hivyohivyo, na eneo la kuhama liwe kubwa zaidi.

Njia za kulifikisha: redio za jamii kwa lugha za wenyeji, kwa hiyo huko Tana iwe pia Kipokomo, Kiorma na Kisomali, vipaza sauti vya misikiti na makanisa, bodaboda wenye megafoni, mabalozi wa nyumba kumi. Ujumbe wa simu ni msaada, lakini usiutegemee peke yake, maana minara huzimika umeme ukikatika. Watu wanaosahaulika ni walewale kila mara. Bondeni Rufiji kuna wakulima wanaokaa kwenye madungu mashambani msimu mzima kulinda mazao, mbali na kijiji. Kuna wafugaji waliosogeza ng'ombe mtoni. Kuna wachimba mchanga, wavuvi wa usiku, na watoto waliotumwa maji. Kila kundi lipewe mtu mmoja mwenye jina anayewajibika kuwafikia, na arudi kusema amewafikia.

Usiku ni suala la peke yake. Bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, lilipobomoka tarehe 9 Mei 2018, ilikuwa usiku, na zaidi ya watu 40 walikufa. Kama hesabu yako inaonyesha maji yatafika kati ya saa mbili usiku na alfajiri, hamisha watu kukiwa bado na mwanga, hata kama ni mapema kwa saa nyingi.

Kuhamisha watu na kufunga njia

Anza na wasioweza kukimbia: wazee, wagonjwa, wajawazito waliokaribia, wenye ulemavu. Kisha watoto. Mifugo iondoke mapema pia, kwa sababu mwenye mbuzi 20 hataondoka bila mbuzi wake, na nyinyi mtajikuta mkimfuata kwa mtumbwi usiku. Nasema hivi bila kumlaumu mfugaji. Ndiyo mali yake yote.

Hati, dawa za kila siku, mbegu na simu iliyochajiwa viwekwe kwenye mfuko mmoja wa nailoni. Mashine za kumwagilia zing'olewe na kupandishwa. Ni hasara inayoweza kuepukwa kabisa kwa kazi ya nusu saa.

Vivuko vifungwe kwa watu, sio kwa kibao tu. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimeta 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimeta 30 huliinua gari dogo likaelea, na sentimeta 60 husomba magari mengi. Basi lililosombwa kwenye mto Enziu, Mwingi, mwezi Desemba 2021, liliua zaidi ya watu 30, na dereva alikuwa akijaribu kuvuka daraja lililofurikiwa. Weka polisi au mgambo pande zote mbili za kivuko, wenye mamlaka ya kusimamisha hata gari la serikali. Mitumbwi ya abiria isimame kabisa. Mtumbwi uliojaza watu kwenye maji yenye magogo ni mauti.

Kambi iwe na maji safi na vyoo kabla ya watu kufika. Kipindupindu hufuata mafuriko kwenye mabonde yetu mara nyingi mno kwa mtu kusema hakutarajia.

Kuziba pengo

Pengo huzibwa kwa vipande vya chuma vinavyoshushwa kimoja juu ya kingine kwenye mifereji (mikato ya wima kwenye nguzo za pembeni) iliyoko mbele ya lango. Tungabhadra ilibidi vitengenezwe haraka viwandani vikaletwa, kisha kreni zikavishusha ndani ya maji yanayokwenda kasi. Kipande cha kwanza ndicho kigumu, kwa kuwa maji yanakisukuma na kukitikisa. Kila kinachofuata kinapunguza nguvu ya maji.

Kabla ya kushusha chochote, pimeni mifereji yenyewe ilivyo leo, msitegemee michoro ya zamani. Zege husogea, chuma hukwaruzika, na kipande kilichozidi sentimeta mbili kitakwama katikati. Wapiga mbizi wasiingie upande wa juu wa pengo lililo wazi kwa sababu yoyote ile. Na walio chini waambiwe siku ya kuziba, kwa kuwa hata kuziba kuna hatari yake: kipande kikichomoka, maji hurudi ghafla kwenye mto ambao watu wamekwisha kuushukia.

Hapo pana jambo linaloumiza. Mto ukishuka haraka, samaki hubaki kwenye vidimbwi, na watu, hasa vijana, hukimbilia kuwaokota mtoni. Kushusha nako kuwe kwa hatua, kwa saa nyingi, na walinzi wabaki kwenye kingo. Kingo zilizolowa huporomoka pia maji yakiondoka upesi, zikachukua mashamba na nyumba zilizosalimika mafuriko yenyewe.

Malango yaliyobaki

Lango lililovunjika lina ndugu zake: umri mmoja, chuma kimoja, fundi mmoja, grisi ileile au ukosefu wake. Uchunguzi wa Folsom ulikuta kwamba pini ambazo lango huzungukia zilikuwa zimeota kutu, msuguano ukaongezeka mwaka hadi mwaka, na mihimili ya lango haikuwa imesanifiwa kubeba msuguano huo. Hakuna aliyeweza kuiona kutu ile kwa macho, maana ilikuwa ndani ya pini. Kwa Tungabhadra, wataalamu walishauri malango yote 33 yabadilishwe.

Kwa hiyo usiyategemee malango mazima kwa upofu wakati wa dharura ileile. Yafungue kidogokidogo huku ukisoma umeme unaotumiwa na mota. Mota ikivuta umeme mwingi kuliko kawaida yake, kuna kinachokaza. Simama, tumia lango jingine. Kipimo hiki ni rahisi na kinafaa kufanywa kila mwaka: kabla ya masika na kabla ya vuli, fungua kila lango, andika ampea za mota, linganisha na mwaka uliopita. Kagua kila pete ya mnyororo na kila uzi wa kamba ya chuma. Washa jenereta ya akiba na iendeshe lango halisi, isiishie kunguruma tu. Vipande vya kuzibia viwepo palepale bwawani, pamoja na mashine inayovifikia. Bwawa la Kariba kwenye Mto Zambezi, lililojengwa miaka ya 1950, liliingizwa kwenye ukarabati mkubwa uliohusisha malango yake sita pamoja na lango la dharura, na hiyo ni bei ndogo ukilinganisha na kusubiri.

Kuwarudisha watu

Watu warudi pale masharti manne yanapotimia: pengo limezibwa na limekaa siku moja na usiku wake bila kuvuja kwa kuongezeka, mto umeshuka chini ya alama iliyokubaliwa, utabiri wa mvua hauonyeshi ongezeko kubwa bwawani, na mtu wa afya amekagua visima. Visima vilivyofunikwa na maji visitumiwe kabla ya kutolewa maji yote na kutiwa klorini. Kwenye Tana na Rufiji tazama pia vidimbwi na migomba iliyofunikwa na maji. Mamba na viboko wanaweza kubaki huko baada ya mto kurudi, wakajeruhi watu wanaorudi mashambani.

Kabla ya tope kusafishwa, piga picha ya kila nyumba na kila shamba, na weka alama ya rangi mahali maji yalipofikia kwenye kuta, miti na nguzo za daraja. Andika tarehe na saa. Picha hizo ndizo ushahidi wa madai ya fidia. Alama nazo zipelekwe kwa maafisa wa bonde pamoja na daftari la bwawa linaloonyesha kilichotolewa kila saa, ili ramani ya mafuriko ichorwe upya kwa vipimo vya kweli na kila kijiji kipewe nakala yake.